Charles Christofle, fundi aliyeifikisha fedha kwenye meza za wengi

Kiswahili na Kifaransa, lugha mbili tunazozitumia kila siku kitivoni, zina jambo moja zinalolingana. Kwa Kiswahili neno fedha ni madini meupe, na pia ni pesa ya kununulia. Kwa Kifaransa argent ni vivyo hivyo: madini na pesa katika neno moja. Huko Ufaransa ulinganifu huo haukuishia katika kamusi. Kwa karne kadhaa, kijiko cha fedha kilichowekwa mezani kilikuwa pia pesa iliyolala kabatini, na siku ya shida kiliweza kuamshwa. Mtu aliyekata uhusiano huo kati ya kijiko na akiba, kwa faida ya wengi na kwa hasira ya wachache, ni Charles Christofle. Nchini mwake jina lake linajulikana hata kwa asiyejua lolote juu ya maisha yake.

Kabla ya kumfikia yeye, tutazame hali aliyoikuta. Fedha nyingi ya kale ya Ufaransa haipo tena. Mwaka 1689 mfalme Louis XIV, akihitaji kulipia vita, alipeleka samani zake za fedha za Versailles zikayeyushwe ziwe sarafu. Mwaka 1709 alirudia, na safari hiyo wakubwa wa nchi walihimizwa kufanya kama yeye. Mwaka 1759, wakati wa Vita vya Miaka Saba, mjukuu wa mwanawe, Louis XV, alitoa wito wa namna hiyohiyo. Kisha yakaja Mapinduzi ya 1789, na vyombo vya makanisa na vya wakubwa vikaingia tena motoni. Ndiyo maana leo mkusanyaji anayepata uma au kijiko cha fedha cha Paris cha mwanzoni mwa karne ya 18, chenye mihuri yake kamili, anajua ameshika kitu kilichoponea chupuchupu.

Charles Christofle alizaliwa Paris mwaka 1805. Napoleon wa kwanza alikuwa kaizari, na masonara wa mji walikuwa wamepata kazi tena baada ya miaka mibaya ya Mapinduzi. Kijana huyu hakusoma sana shuleni. Akiwa na miaka 15 aliwekwa uanagenzi kwa shemeji yake, Calmette, mume wa dada yake, aliyekuwa na karakana ya vito. Huko alijifunza kazi ya mkono: kuvuta uzi wa dhahabu, kulehemu, kung'arisha, kupima mizani bila kukosea. Alijifunza pia jambo ambalo mafundi wengi hawalijui, yaani hesabu za biashara. Kufikia 1830 yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa nyumba ile. Alitengeneza vito vya kuvaa na mapambo ya nyuzi za dhahabu, na akauza mpaka nchi za Amerika ya Kusini. Laiti angeendelea hivyo, angekufa akiwa sonara tajiri na asiyekumbukwa na mtu.

Kilichombadilisha ni tatizo la kupaka dhahabu na fedha juu ya madini mengine. Wakati ule njia kuu ya kupaka dhahabu ilikuwa ya zebaki. Fundi alichanganya dhahabu na zebaki mpaka vikawa uji mzito, akaupaka juu ya shaba, kisha akatia motoni. Zebaki iligeuka mvuke ikaondoka, dhahabu ikabaki. Lakini mvuke ule uliingia kwanza katika mapafu ya fundi. Mikono ilianza kutetemeka, meno yakalegea, akili ikachoka, na wengi walikufa mapema. Aliyeona wachimbaji wadogo wa Ituri au wa Kivu wakichoma dhahabu kwa zebaki hahitaji kuelezwa zaidi. Mjini Paris jambo hili lilijulikana wazi. Ravrio, mtengenezaji wa vyombo vya shaba aliyefariki mwaka 1814, aliacha katika wosia wake faranga 3,000 apewe atakayepata njia ya kuwalinda mafundi hao. Mkemia d'Arcet aliipata tuzo hiyo kwa kubuni tanuru lenye bomba la kuvuta mvuke. Hatari ilipungua, lakini haikuisha.

Njia nyingine ilitoka upande usiotazamiwa. Mwaka 1800 Mwitaliano Volta alikuwa ametengeneza betri ya kwanza. Miaka iliyofuata watu wa sayansi waligundua kwamba umeme ukipita ndani ya maji yenye chumvi za madini, madini hayo hutoka majini na kushikamana na kitu kilichotumbukizwa humo. Mjini Geneva, de la Rive alijaribu kupaka dhahabu hivyo. Mjini Birmingham, George Elkington na wenzake waligundua kwamba chumvi za sianidi zinafanya tabaka la fedha lishike vizuri na kuwa sawasawa, na mwaka 1840 wakachukua hati ya uvumbuzi. Ufaransa nako akatokea mtu wa ajabu kidogo, Henri de Ruolz. Alikuwa mtu wa ukoo bora na mtunzi wa muziki. Opera yake ilichezwa Naples mwaka 1835, na nyingine katika Opera ya Paris mwaka 1839. Mtu huyu aliacha noti za muziki akaingia katika kemia, naye akapata njia zake za kupaka madini juu ya madini kwa umeme.

Mwaka 1841 Jean-Baptiste Dumas, mkemia, ambaye tusimchanganye na mwandishi wa riwaya, alisoma ripoti kuhusu uvumbuzi huo mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris. Mwaka uliofuata Akademia ikagawa tuzo kati ya de la Rive, Elkington na Ruolz. Wataalamu waliridhika. Lakini ripoti ya Akademia haiweki kijiko mezani. Palihitajika mtu wa kuichukua karatasi ile na kuigeuza kuwa karakana, wafanyakazi, duka na bei.

Mwaka 1842 Christofle alinunua haki za Ruolz. Hapo akaingia katika shida ya kwanza. Elkington alikuwa ametangulia kuchukua hati yake Ufaransa, na sehemu kubwa ya aliyoyanunua Christofle kwa Ruolz iligongana na haki za Mwingereza yule. Mtu mwenye kiburi angekwenda mahakamani na kupoteza miaka. Christofle alifanya hesabu. Alielewana na Elkington, akalipa tena, na akabaki na haki zote mbili mkononi mwake kwa nchi ya Ufaransa. Ilimgharimu mali nyingi, na alikuwa bado hajauza hata uma mmoja wa namna hiyo.

Mwanzoni hakutaka kuwa mtengenezaji. Nia yake ilikuwa kuwapakia wengine: sonara alete chombo chake cha shaba, karakana ya Christofle ikipake fedha, kila mmoja apate sehemu yake. Masonara wa Paris hawakumkubali. Waliona kwamba vyombo vya kupakwa vitaua kazi ya fedha halisi, na wengine wakaona ni afadhali kuiba njia yake kuliko kumlipa. Basi kuanzia katikati ya miaka ya 1840 alianza kutengeneza vyombo vyake mwenyewe, kuanzia bamba la shaba mpaka kijiko kilichokamilika. Upinzani wa wenzake ndio uliomfanya awe mwenye kiwanda.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kijiko kilikatwa kwanza katika bamba la shaba ya njano, na baadaye katika mchanganyiko mweupe wa shaba, zinki na nikeli. Kilipigwa chapa kwa mashine, kikasafishwa mafuta yote, kikapimwa uzito. Kisha kilining'inizwa ndani ya birika lenye chumvi ya fedha na sianidi, pamoja na mabamba ya fedha safi. Umeme ulipopita, fedha ilitoka kwenye bamba ikaja kukaa juu ya kijiko, chembe kwa chembe, kwa saa kadhaa. Kilipotoka kilikuwa cheupe kama chokaa, bila mng'aro. Hapo kilichukuliwa na wanawake wa kung'arisha, waliokisugua kwa vyuma laini na mawe ya akiki mpaka kikang'aa kama kioo. Zebaki haikuhitajika tena, ingawa sianidi nayo ni sumu, na hakuna aliyeweza kusema kwamba hatari yote ilikuwa imeondoka. Mwisho kijiko kilipimwa tena. Tofauti ya mizani mbili ndiyo fedha iliyokaa juu yake.

Kupima mara mbili ndiko kulikokuwa moyo wa biashara yake. Mnunuzi wa fedha halisi alilindwa na serikali. Tangu sheria ya 1797, fundi wa fedha alipaswa kupiga chapa yake ndani ya umbo la almasi, na tangu 1838 kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Warumi, kilithibitisha ubora: namba 1 kwa sehemu 950 za fedha katika 1,000, namba 2 kwa sehemu 800. Lakini mnunuzi wa chombo cha kupakwa alilindwa na nani? Tabaka la fedha halionekani unene wake. Mwuzaji mwongo angeweza kupaka fedha nyembamba kama pumzi, na mteja angejua baada ya mwaka, shaba ilipoanza kuchungulia kwenye meno ya uma. Sheria ilidai tu kwamba chapa ya vyombo vya kupakwa iwe ya mraba, isije ikadhaniwa ni fedha halisi. Christofle akaongeza ahadi yake mwenyewe: kiasi cha fedha kilichowekwa kingejulikana kwa gramu, na jina lake lote lingekuwa juu ya kitu, si herufi za kwanza tu. Katika chapa yake aliweka mizani, alama inayoeleweka hata na asiyejua kusoma.

Ahadi hiyo ilimlazimu kupigana. Katika miaka ya 1840 na mwanzo wa miaka ya 1850 alipeleka waghushi wengi mahakamani. Wengine walitumia njia ya umeme bila kibali, wengine walipiga jina lake juu ya vitu vibovu. Maadui walimwita mtu wa kesi, mtu anayetaka kufungia umeme katika mfuko wake. Naye mwaka 1851 alichapisha kitabu cha historia ya upakaji wa dhahabu na fedha kwa umeme, akieleza nani alivumbua nini na lini, ili kuonyesha kwamba haki alizozilipia zilikuwa za kweli. Tukikitazama kwa jicho la leo, hicho ni kitabu cha sayansi na wakati huohuo ni hoja ya wakili. Alijua pia kwamba muda wake ulikuwa na mwisho. Kwa sheria ya Ufaransa hati ya uvumbuzi haikuzidi miaka 15, hivyo kufikia katikati ya miaka ya 1850 njia ile ingekuwa ya kila mtu. Kitakachobaki chake ni jina, basi jina lilipaswa kuwa limekwisha kuaminika.

Wakubwa walimsaidia katika hilo. Mfalme Louis-Philippe aliagiza kwake vyombo vya kasri lake la Eu. Halafu akaja Napoleon III. Kaizari huyu alitaka meza za Tuileries zing'ae kuliko za watangulizi wake, lakini hakutaka kufunga hazina ya nchi ndani ya mabakuli. Aliagiza kwa Christofle vyombo vya kupakwa kwa ajili ya karamu kubwa, pamoja na pambo la katikati ya meza kwa wageni 100, lenye sanamu za Ufaransa, vita na amani. Pambo hilo lilionyeshwa katika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1855. Wengine waliona aibu: kaizari anakula juu ya fedha ya juujuu! Lakini kwa mfanyabiashara, mwalimu wa shule au daktari wa mji mdogo, maana ilikuwa nyingine. Kama kaizari anakula kwa uma uliopakwa, yeye ataona haya ya nini? Tangu siku hizo bibi arusi wa familia ya kawaida aliweza kuingia nyumbani kwake na sanduku la vijiko 12 na uma 12.

Hapa inafaa tuwe waangalifu katika hukumu yetu. Si Christofle aliyevumbua njia ya kupaka kwa umeme. Waliovumbua ni wengine, naye mwenyewe alilieleza hilo katika kitabu chake. Wala si yeye aliyebuni umbo la kijiko. Mitindo yake mingi iliiga ile ya karne ya 18. Kazi yake ilikuwa kuunganisha: sayansi ya Geneva na Birmingham, pesa za Paris, mikono ya wafanyakazi, na imani ya mnunuzi. Kuna pia hasara iliyokuja na ushindi wake. Kijiko cha fedha halisi, hata kikivunjika, kina thamani ya uzito wake. Kilichopakwa kikichakaa, familia haina akiba yoyote mkononi. Aliwapa wengi uzuri wa fedha, lakini ule ulinzi wa siku ya njaa haukuwemo ndani yake.

Charles Christofle alifariki mwaka 1863, akiwa na miaka 58 hivi. Kazi ilishikwa na mwanawe Paul na mpwa wa familia, Henri Bouilhet, mhandisi aliyesoma katika École Centrale. Njia ileile ya birika na umeme ikatoa vitu vikubwa: sanamu mbili za kundi zinazong'aa juu ya paa la Opera ya Paris, na sanamu ya Bikira Maria juu ya kanisa la Notre-Dame de la Garde mjini Marseille, yenye urefu wa mita 11 na zaidi. Mwaka 1871, katika vita vya Komuni ya Paris, kasri la Tuileries liliteketea. Pambo la kaizari lilipatikana katika majivu likiwa limeharibika, nalo Bouilhet akalihifadhi. Leo liko katika Jumba la Makumbusho la Sanaa za Mapambo mjini Paris, na alama za moto bado zinaonekana. Lingekuwa la fedha tupu, huenda mtu angeliyeyusha. Kwa kuwa lilikuwa la kupakwa, halikumfaa mwizi wala mwenye deni, likabaki.

Sisi wa kitivo cha lugha tunaweza kuongeza jambo ambalo wanahistoria wa meza hulipita haraka. Biashara hii ilizaa maneno. Ruolz, jina la mtunzi wa opera, likawa nomino ya kawaida ya Kifaransa: du ruolz ni madini yaliyopakwa. Ule mchanganyiko mweupe wa chini huitwa maillechort, na neno hilo ni majina ya mafundi wawili wa Lyon yaliyobanwa kuwa moja. Mchanganyiko wa jamii hiyo, alfénide, ulitoka katika jina la Halphen. Na Christofle mwenyewe? Watu walianza kusema wamekula kwa christofle, hata vijiko vilipokuwa vya mtengenezaji mwingine. Mtu aliyetumia miaka mahakamani ili jina lake liwe lake peke yake, umma ulimnyang'anya kwa kulipenda. Mwanaisimu anajua kwamba mahakama haina nguvu juu ya mazungumzo ya jikoni.

Kwa anayetaka kukusanya vyombo hivi leo, maisha haya yanatoa mafunzo ya wazi. Atazame kwanza umbo la chapa: almasi kwa fedha halisi ya Ufaransa baada ya 1797, mraba kwa iliyopakwa. Amtafute Minerva, asipokuwepo, na hakuna mihuri mingine ya zamani, asilipe bei ya fedha. Asidanganywe na namba. Namba 84 juu ya kijiko cha Kirusi cha zamani ni kipimo cha ubora wa fedha halisi, lakini juu ya kijiko cha Kifaransa kilichopakwa ni gramu za fedha zilizogawanywa juu ya dazeni ya vijiko na uma. Namba ni moja, ila kila lugha inaisoma kwa namna yake. Atazame mgongo wa uma pia. Wafaransa huuweka mezani meno yakielekea chini, ndiyo maana herufi za jina la familia mara nyingi zimechorwa nyuma, na huko ndiko historia ya nyumba inakosomeka. Atazame mwisho pale kijiko kinapogusa meza na pale meno ya uma yanapoishia, kwa maana shaba hujitokeza huko kwanza.

Wakusanyaji wa fedha halisi walividharau vyombo vya Christofle kwa muda mrefu. Siku hizi vile vya mwanzo, vya wakati wa uhai wake, vina watu wanaovitafuta. Kinachotafutwa si uzito, kwa sababu fedha iliyomo ni kidogo. Kinachotafutwa ni kazi ya mkono na jina lililopigwa juu yake, pamoja na ahadi aliyoitoa fundi kuhusu kitu ambacho jicho la mnunuzi lisingeweza kukihakiki.